Kwenda Masaa Nane, Kurudi Kumi na Nane

Mume wangu hajawahi kumpokea mgeni kwa kumuuliza habari za safari. Yeye huuliza, "Ulitoka saa ngapi?" Mgeni akijibu, anatazama saa yake ya mkononi, midomo inacheza kidogo, halafu anasema, "Mbona umechelewa dakika ishirini?" Hapo mgeni hajaweka hata mzigo chini. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, aliulizwa hivyo siku alipokuja kumwona mjukuu wake wa kwanza. Akajibu kwamba alisimama njiani kukojoa, kama mkwe anataka kuandika aandike. Mkwe na mkwe, jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na mwenzangu akaandika. Nilikuwepo, niliiona kalamu ikitembea.

Kazi ndiyo iliyomharibu, au labda alizaliwa hivyo na kazi ikamkuta tayari. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa geti kwenye yadi ya malori. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, dirisha moja la kuangalia barabara, meza, kiti chenye mto niliomshonea mimi, saa ya ukutani, na kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Lori likitoka anaandika saa. Lori likirudi anaandika saa. Na dereva anaporudi analeta karatasi yake, ile inayogongwa muhuri na waliopokea mzigo, muhuri wenye tarehe na saa. Kwa vitu hivyo tu, mtu ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli alijua kila kilichofanyika barabarani.

"Dakika arobaini," anamwambia dereva. "Ulikuwa wapi dakika arobaini?"

"Pancha, mzee."

"Pancha ni dakika ishirini na tano. Hizo kumi na tano zilizobaki zinaitwa nani?"

Dereva anacheka, kwa sababu kweli ana jina la kutaja. Walimbandika jina la Bwana Dakika, na yeye akalipenda. Alipostaafu alirudi nyumbani na saa ya ukutani waliyompa kama zawadi, akaitundika sebuleni juu ya cherehani yangu. Mimi ni mshonaji wa sare za shule. Tangu siku hiyo nikienda dukani kununua uzi, nikirudi nakuta ameshapiga hesabu: hatua kadhaa kwenda, hatua kadhaa kurudi, dakika tatu za kuchagua rangi. Zinazozidi lazima nizieleze. Mwanzoni nilizieleza. Baadaye nikaanza kumjibu kwamba nina mchumba duka la pili kushoto, na yeye badala ya kucheka akaenda kuangalia ni duka la nani.

Sasa nije kwa kaka yangu, maana bila yeye sina cha kusimulia.

Kaka alikuwa dereva kwenye yadi hiyo hiyo. Mume wangu ndiye aliyemwombea kazi. Walikuwa mashemeji wa kutaniana mpaka majirani wanatoka nje kusikiliza. Kaka alimwita mlinzi wa kalenda, naye alimwita kaka mtalii. Miaka kumi na tisa iliyopita yadi ilipata mzigo wa majaribio wa kuvuka mpaka. Malori yetu hayakuwahi kuvuka mpaka, safari zote zilikuwa za humu humu ndani. Wenye mzigo walitaka lori moja, safari moja, waone kazi. Akachaguliwa kaka, kwa sababu alikuwa na mkono mzuri na hakugusa pombe. Alitoka saa kumi na mbili asubuhi. Mume wangu alishapiga hesabu ya umbali na foleni ya mpakani, akapata masaa kumi. Karatasi iliporudi, muhuri wa kule ulisema amefika saa kumi na moja jioni. Masaa kumi na moja. Kesho yake, kwa muhuri wao, aliondoka kule saa moja asubuhi, akaingia geti letu saa kumi kamili jioni. Masaa tisa.

"Shemeji," mume wangu alimuuliza mbele ya madereva wote, "barabara ni ile ile, lori ni lile lile. Kwenda kumi na moja, kurudi tisa. Lile lisaa ulilipeleka wapi?"

"Sikusimama popote."

"Na kurudi ukakimbiza gari ili ufidie, siyo?"

"Sikukimbiza. Haki ya Mungu, shemeji, sikusimama na sikukimbiza."

Kaka hakuwa na saa ya mkononi, na saa ya lile lori ilikuwa imekufa siku nyingi. Alikuwa na mdomo wake tu wa kujitetea. Watu wakasema lisaa linatosha kabisa kunyonya mafuta kwenye tangi na kuyauza. Mwenye yadi akasoma kitabu, akamuuliza karani wake kama ana hakika, na mume wangu akajibu kwamba kitabu hakina shemeji. Kaka akafukuzwa siku hiyo hiyo. Wenye mzigo nao walikwenda kwa wengine, na hakuna lori letu lililovuka mpaka tena.

Baada ya kufukuzwa, kaka alipotea wiki mbili nzima. Mkewe hakujua yuko wapi. Alirudi amekonda, miguu imevimba, na hakusema alikotoka. "Unaona?" mume wangu aliniambia. "Alikuwa anakula alichoiba." Tangu hapo kaka hakukanyaga kwangu, na mume wangu hakumtaja tena kwa jina wala kwa ushemeji. Alipata kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka, na udereva akautupa kabisa. Hata usiku mkewe aliposhikwa na uchungu, na gari la jirani lipo hapo mlangoni na ufunguo wake, alikwenda kumwamsha mwenye gari aendeshe. Niliona kwamba amesusa. Nilisema moyoni, kaka naye ana kiburi.

Nilimsema mume wangu kwa yote mabaya ninayoyajua, na najua mengi. Lakini leo nisifiche. Nikiwa peke yangu na cherehani, kitambaa kinapita chini ya sindano, nilikuwa najiuliza lile lisaa lilikwenda wapi. Tumbo moja tumelala, na bado nilimshuku.

Binti yetu wa kwanza alikuwa na miaka minane wakati huo, na mjomba wake ndiye aliyekuwa akimkalisha mapajani ashike usukani. Sasa ni mtu mzima, ana miaka mitano ughaibuni, anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali kubwa. Wiki moja kabla ya kuja alipiga simu.

"Mama, nakuja! Natua Jumapili."

Nilipiga vigelegele mpaka wateja wakasimama barazani.

"Ila nawataka wote uwanjani," akasema. "Wewe, baba, na mjomba. Mjomba asipokuwepo nitachukua gari niende kwake moja kwa moja, na nitakaa huko mpaka siku ya kurudi. Sitanii, mama. Nimechoka kuwa na ndugu wa kuwatembelea kwa zamu, kama wafungwa."

Niliupeleka ujumbe kama ulivyo. Mume wangu alikuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini.

"Mimi na mtu aliyekula lisaa la kampuni hatumpokei mtoto mmoja," akasema. "Kwanza hiyo ndege yenyewe inaondoka huko saa ngapi?"

Nilikuwa nimeandika nyuma ya karatasi ya vipimo: kuondoka 18:00 Jumamosi, kufika 12:00 Jumapili. Aliichukua kwa ncha za vidole. Akaenda kwenye kabati, akatoa daftari lake la nyumbani, akatafuta siku ambayo binti alisafiri kwenda. Tulimsindikiza wenyewe: ndege iliruka 10:00. Kule alipata laini ya simu baada ya siku tatu, akatuambia walitua 18:00.

Mume wangu si mjinga. Alijua kwamba saa za tiketi si saa zetu. "Kuna tofauti ya masaa sita," alinieleza, kidole juu. "Wao wanaanza kuhesabu katikati ya usiku, sisi tunaanza asubuhi. Ukisahau kutoa sita umepotea." Akatoa sita kila mahali, kama alivyotoa kwenye mihuri yote ya maisha yake. Kwenda: saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, masaa nane. Kurudi: saa kumi na mbili jioni mpaka saa sita mchana wa kesho yake, masaa kumi na nane.

"Kwenda nane," akasema polepole. "Kurudi kumi na nane."

Sauti ile niliijua. Niliisikia mara ya mwisho miaka kumi na tisa iliyopita.

Kesho yake aliazima ile dunia ya duara ya shuleni kwa mwalimu mkuu, yule ninayemshonea sare, akaja nayo kaikumbatia kama tikiti maji. Akachukua uzi wangu mweusi na tepu yangu ya kupimia nguo. Akauzungusha uzi kwenye tumbo la dunia, sentimita tisini. Mzunguko wa dunia ni kilomita elfu arobaini, hilo analikumbuka tangu darasani. Kisha akauvuta kutoka uwanja wetu wa ndege mpaka uwanja wa kule aliko binti, akabana kwa kucha, akapima: sentimita ishirini na tano na kidogo. Alikokotoa kwa kalamu, hataki mashine. Kilomita elfu kumi na moja na mia tatu. Na mwendo wa ndege alikuwa nao, kwa sababu binti anamjua baba yake. Alimwambia kwenye simu ile ya kwanza kwamba skrini mbele ya kiti ilionyesha kilomita mia nane na sabini kwa saa.

"Masaa kumi na matatu," akasema. "Ndege yoyote, njia hiyo, masaa kumi na matatu. Kwenda amewahi matano. Kurudi amechelewa matano."

"Labda ni upepo."

"Upepo wa masaa matano? Huo si ungeng'oa mabawa!"

Akazunguka sebule mara mbili, halafu akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Ukitoka kule saa kumi na mbili jioni, ukaongeza kumi na matatu, unatua hapa saa moja asubuhi. Saa moja, mama watoto, siyo saa sita. Kwa hiyo atashuka asubuhi, huyo mjomba wake atakuwa mlangoni anamsubiri, watakaa masaa matano, watapanga wanayopanga, kisha saa sita atatokea na mabegi kama ndiyo anafika. Mimi nitakuwa nimesimama pale na maua mkononi kama bwege. Na wewe unajua."

"Mimi najua nini?"

"Wewe uko nao."

Niliapa kwa kila kinachoapiwa. Haikusaidia. Aliomba simu yangu aangalie nimempigia nani. Nilipotoka kununua vifungo alinifuata, anajibanza kwenye nguzo za umeme, mtu mwenye tumbo lile! Jirani mmoja akaniuliza kama baba anaumwa. Na ubaya wa shaka ni kwamba nami ikaanza kunitambaa. Nikakumbuka kweli binti aliniomba namba mpya ya mjomba wake. Nikakumbuka alicheka nilipomuuliza ya nini. Nikakaa na mkasi mkononi nikijiambia, hebu subiri, huyu mtoto ana nini na mjomba wake? Mpaka Alhamisi nilikuwa sijui nimwamini nani ndani ya familia yangu mwenyewe.

Siku hiyo mume wangu alitangaza kwamba Jumapili atakuwa uwanjani tangu saa kumi na mbili asubuhi, awafumanie. Lakini kwanza anataka ushahidi wa maandishi. Akavaa koti, akabeba daftari, tukaenda ofisi ya tiketi. Nilikwenda naye ili asitutie aibu.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja kati ya duka la dawa na duka la magodoro. Ndani kulikuwa na dada mmoja, miwani kaiweka juu ya nywele, feni inampeperushia karatasi, na nyuma yake ukutani saa tatu za duara zimepangwa mstari. Mume wangu hakusalimia. Alizitazama zile saa, akatazama yake ya mkononi.

"Binti," akasema, "saa zako mbovu. Mbili kati ya tatu."

Dada wa tiketi aligeuka, akaziangalia, akacheka. "Shikamoo, mzee. Si mbovu. Ile ya kati ndiyo ya hapa. Hizo za pembeni ni za huko wateja wangu wanakokwenda."

"Hiyo nakubali," mume wangu akasema. "Tofauti ya masaa sita. Nimeshaitoa."

Akafungua daftari. Akamwekea yote mezani, uzi, dunia, kilomita, nane, kumi na nane, matano yaliyozidi na matano yaliyopungua, na mwisho akamuuliza kama ndege ile inasimama mahali kushusha watu kwa siri. Yule dada alisikiliza vizuri sana. Watu wanaofanya kazi ya kuulizwa maswali wana subira ambayo mimi sina.

"Mzee, kumi na matatu umepatia kabisa," akasema. "Wengi hawawezi. Ila hiyo sita uliyotoa ni ya kusomea saa tu. Kumi na nane ya kwenye tiketi wewe unaiita kumi na mbili jioni, sawa. Lakini ni kumi na mbili jioni ya kule. Jua la kule. Hapa kwetu wakati huo ni saa ngapi?"

Akaonyesha kwa kalamu saa ya kushoto, ile ya kule aliko binti yetu, kisha ya kati. Hata mimi niliona. Zilikuwa zimepishana masaa matano.

"Saa tano usiku," mume wangu akasema taratibu.

"Ongeza kumi na matatu yako."

Akahesabu kwa vidole, mtu ambaye sijawahi kumwona akitumia vidole. "Saa sita mchana."

"Na siku anakwenda, aliruka hapa saa nne asubuhi. Ongeza kumi na matatu."

"Saa tano usiku. Kule kwao... kumi na mbili jioni."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yote yalirudi, matano ya kwenda na matano ya kurudi! Binti yangu hakuwa na siri, kaka yangu hakuwa na njama, na mimi sikuwa nao. Miaka mitano tunampigia simu jioni anatuambia ndiyo anakula cha mchana, na mwenzangu akijibu kwamba ni uvivu. Hata yeye alianza kutabasamu, mdomo unapinda upande mmoja kama mtu aliyefungwa goli zuri.

"Wala usijione umekosea peke yako, mzee," dada wa tiketi akasema, akimrudishia daftari. "Wateja wangu wanachanganya kila siku. Hata hapo tu mpakani, ukivuka, wenzetu wako mbele lisaa limoja. Watu wanaachwa na mabasi."

Tabasamu likakatika.

"Mpaka upi?"

"Huu huu wetu."

"Tangu lini?"

"Siku zote, mzee. Tangu sijazaliwa."

Mimi nilikuwa naokota mkoba wangu, sikuwa nimeelewa. Nilipoinua uso nikamwona ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anaitazama ile saa ya kati. Nikamwita baba watoto. Hakusikia. Nikamwita tena, ndipo na mimi likaniingia: lile lisaa la kaka.

Njia nzima hakutazama saa. Nyumbani alipiga magoti, akavuta sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Yadi ilipotaka kuchoma vitabu vya zamani aliviomba, akavileta nyumbani. Ugomvi wa vile vitabu ulichukua wiki. Akatoa cha mwaka ule, akapuliza vumbi, akafunua. Ukurasa aliujua bila kutafuta. Mstari wa kaka ulikuwa umepigiwa wino mwekundu chini.

"Kwenda kumi na moja, toa moja," akasema. "Kurudi tisa, ongeza moja."

Akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Sema," nikamwambia.

"Kumi na kumi."

Nitasema ukweli, sikumhurumia. Nilikuwa na hasira ya miaka kumi na tisa na kwa mara ya kwanza ilikuwa na pa kukaa. Nilimwangalia pale sakafuni, nikawaza harusi ambazo kaka hakuja, mazishi ya mama ambako alisimama upande wa pili wa kaburi, wanangu waliokua wakimjua mjomba wao kwa kujificha. Na nilijikasirikia mimi pia, kwa yale niliyokuwa nikiyawaza kwenye cherehani.

"Inuka, vaa viatu," nikasema. "Na kitabu uchukue."

Tulimkuta kaka mashineni, mweupe wa unga tangu nyusi mpaka kandambili. Aliniona mimi kwanza, akafurahi. Kisha akaona nimeongozana na nani, akazima mashine. Watu wawili waliokuwa wanasubiri kusagiwa wakatoka nje wenyewe.

"Kuna msiba?" kaka akauliza.

"Hakuna," nikasema. "Msikilize huyu."

Mume wangu alisimama katikati ya magunia, kitabu kifuani. Alianza kwa binti, akaenda kwenye dunia ya duara, uzi, saa tatu za ukutani, anajikanyaga, mtu ambaye kwa hesabu hajawahi kujikanyaga. Nilitaka kumkata kauli lakini nikajizuia. Mwisho alikifungua kitabu, akakigeuza ili kaka asome mwenyewe.

"Kule kwao saa iko mbele," akasema. "Lisaa limoja. Muhuri ulikuwa na saa ya kwao, mimi nikaisoma kama ya kwetu. Shemeji, ulitumia masaa kumi kwenda na masaa kumi kurudi. Hukusimama. Hukukimbiza gari. Nilikosea mimi."

Nilingoja kaka apige kelele. Nilingoja amtupie beleshi la kuzolea unga, na Mungu anisamehe, nilikuwa tayari kusogea pembeni. Kaka aliinama juu ya kitabu. Alikuwa anaangalia mstari mwekundu, anapitisha kidole juu yake, kidole kinaacha unga.

"Kwa hiyo sikulala?" akauliza.

"Kulala nini?"

"Kwenye usukani. Sikulala?"

Mume wangu akanitazama mimi.

"Nilijua sikusimama," kaka akasema. "Wewe hujawahi kukosea, shemeji, kila dereva alijua hivyo. Uliposema lisaa halipo, nilijua halipo. Sasa kama sikusimama, nilikuwa wapi? Nikasema nililala macho wazi, na gari likaenda lenyewe. Lori la tani thelathini, lisaa zima. Basi lazima niligonga mtu."

Akafuta uso kwa mkono, akajipaka unga zaidi.

"Nilirudi ile barabara kwa baiskeli. Wiki mbili. Nilikuwa nasimama kila penye nyumba, nauliza kama kuna mtu aligongwa na lori tarehe ile akaachwa hapo. Wengine walinifukuza, walidhani nina wazimu. Sikumpata. Lakini sikuweza kusema hayupo, labda nimepita nyumba ambayo sikuuliza. Basi nikaona gari nisishike tena. Hata mke wangu siku ile ya uchungu, niliogopa nitamuua."

Mume wangu alikaa chini kwenye gunia. Hakukaa, alianguka, gunia likamdaka. Akafunika uso na kofia yake akalia kwa sauti, mzee mzima, na wale wawili waliokuwa nje wakachungulia mlangoni. Mimi nilimshika kaka mkono. Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nilimshuku, lakini siku hiyo sikuweza. Nimemwambia baadaye.

Kaka alimwacha mwenzangu alie mpaka amalize. Kisha akafunga kitabu kwa mikono miwili, akamrudishia mapajani.

"Mtoto anashuka Jumapili saa ngapi?" akauliza.

"Saa sita," mume wangu akasema ndani ya kofia. "Saa sita mchana."

"Saa sita za wapi?"

Tangu nimjue mume wangu, ilikuwa mara ya kwanza kuulizwa saa akashindwa kujibu.

"Za hapa, kaka," nikajibu mimi. "Za hapa kwetu."

Kaka akaikung'uta mikono, unga ukaruka, akarudi kwenye swichi ya mashine.

"Basi nipitieni saa nne," akasema. "Na hicho kitabu msije nacho."